Historia ya Haidrenjia, na Mzee wa Maua wa Shule Yetu

Na Mwanafunzi wa Zamani (Kidato cha Nne, 1975)

Mhariri wa jarida letu ameniomba makala ya historia. Nadhani alitarajia habari za timu yetu ya mpira, au za ujenzi wa bwalo. Mambo hayo wenzangu wamekwisha kuyaeleza katika matoleo yaliyopita, tena vizuri kunishinda mimi. Nimechagua kueleza historia ya vichaka vya maua ambavyo kila mmoja wetu amepita mbele yake, aghalabu kwa hofu, akiwa ameitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Ninayo sababu. Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa pendekezo kwamba ukuta wa ofisi uwekwe kibao cha shaba, chenye maneno ya kumshukuru mkuu wa kwanza wa shule kwa kupanda maua yale. Pendekezo lilipigiwa makofi. Mimi nilikuwa najua jambo ambalo wengine hawakulijua, nami nilinyamaza. Kimya kile kimenisumbua tangu siku ile. Makala hii ndiyo kauli niliyopaswa kuitoa mkutanoni.

JINA NA ASILI YAKE

Maua yenyewe mnayajua: ni mafungu ya duara, makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, yenye rangi ya samawati upande wa bustani na rangi ya waridi karibu na ukuta. Sisi tukiyaita "maua ya ofisi". Katika vitabu vya Kiingereza huitwa haidrenjia, na Wafaransa huyaita hotensia. Wanafunzi wa biolojia waangalie vizuri: vile vipande vya rangi tunavyovidhani kuwa petali ni sepali zilizokua na kutanuka. Ua hasa la kuzaa ni dogo mno, nalo limejificha katikati. Hii ndiyo sababu fungu moja huweza kukaa wiki nyingi mtini bila kupukutika.

Jina haidrenjia limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja maana yake maji na jingine chombo, kwa kuwa tunda lake likikauka hufanana na kijimtungi. Jina hilo liliingia katika kitabu kikuu cha mimea cha Linnaeus mwaka 1753, lakini mmea alioujua Linnaeus ulikuwa wa Marekani ya Kaskazini. Hii aina yetu, yenye vichwa vikubwa, asili yake ni Japani, hasa sehemu za pwani za kisiwa cha Honshu. Wajapani huiita ajisai, nayo imetajwa katika diwani yao ya kale iliyokusanywa katika karne ya 8. Kwao huchanua katika majira ya mvua za mwezi Juni, na watu husafiri kwenda kuyatazama maua hayo katika hekalu la Meigetsu-in mjini Kamakura.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 200, Japani ilikuwa imewafungia Wazungu milango. Waholanzi peke yao ndio walioruhusiwa kufanya biashara, nao waliwekwa katika kisiwa kidogo cha kutengenezwa kiitwacho Dejima, kwenye bandari ya Nagasaki. Mganga wa kituo hicho aghalabu alikuwa mtu wa elimu. Mwaka 1775 alifika pale Msweden aitwaye Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus. Aliliandika ua letu katika kitabu chake cha mwaka 1784, ila aliliweka katika ukoo usio wake. Ilipofika mwaka 1830 mtaalamu mwingine, Seringe, alilirudisha katika kundi la haidrenjia, na huko ndiko liliko hata leo.

Wakati huo ua lilikuwa limekwisha kufika China, ambako lilitunzwa bustanini. Kutoka China lilipelekwa Uingereza mnamo mwaka 1789 kwa juhudi za Sir Joseph Banks, likapandwa katika bustani ya Kew karibu na London. Lakini hata kabla ya hapo lilikuwa limepita katika bahari yetu wenyewe. Mfaransa Philibert Commerson, aliyekuwa mtaalamu wa mimea katika safari ya Bougainville ya kuizunguka dunia, aliteremka kisiwani Morisi mwaka 1768, akafia huko mwaka 1773. Yeye ndiye aliyelipa ua hili jina la Hortensia. Ni bibi yupi aliyekusudiwa kuheshimiwa kwa jina hilo, wataalamu wangali wanabishana.

Ndugu msomaji, angalia jambo hili. Wakati watu wakibishana juu ya bibi huyo, yuko mwanamke mwingine katika habari hiyo hiyo ambaye hana mabishano. Jeanne Baret alisafiri pamoja na Commerson akiwa amevaa mavazi ya kiume, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa melini. Alibeba vifaa na kukusanya mimea milimani na mwituni, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Majina ya mimea waliyoikusanya pamoja yalitoka kwa mwanamume.

UA LENYE JINA LA TAKI

Mwaka 1823 alifika Dejima daktari kijana kutoka Ujerumani, Philipp Franz von Siebold. Aliwatibu watu, akawafundisha Wajapani uganga wa Kizungu, akakusanya mimea kwa maelfu. Huko aliishi na mwanamke wa Nagasaki aitwaye Kusumoto Taki, na mwaka 1827 wakapata binti, Ine. Mwaka 1828 Siebold aligunduliwa kuwa na ramani za Japani, kosa kubwa kwa mgeni katika siku hizo. Mtumishi wa serikali aliyempa ramani hizo alitiwa kifungoni, akafa humo. Siebold mwenyewe alifukuzwa nchini mwaka 1829, akamwacha Taki na mtoto wa miaka miwili.

Alipokuwa Ulaya aliandika kitabu cha mimea ya Japani kwa kushirikiana na mwenzake Zuccarini, na ndani yake akaliita ua moja la haidrenjia "otaksa". Baadaye sana watu walitambua kwamba neno hilo ni jinsi alivyozoea kumwita mkewe kwa heshima, yaani O-Taki-san. Watu wa Nagasaki hawakulisahau. Ajisai ndilo ua la mji wao mpaka leo. Siebold alirudi Japani mwaka 1859, baada ya miaka 30, akaonana tena na Taki na Ine. Binti alikuwa amekwisha kujifunza uganga, na anakumbukwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Japani kutibu kwa elimu ya Kizungu.

Kuanzia hapo Wazungu walilichukua ua na kulizalisha kwa namna nyingi. Mwingereza Charles Maries aliagizwa Japani na kampuni ya bustani ya Veitch, akarudi na aina mpya mnamo 1879. Mfaransa Emile Mouillère, wa mji wa Vendôme, alitoa aina nyeupe mashuhuri mwaka 1909, akaipa jina la mkewe. Katika visiwa vya Azori, huko Atlantiki, haidrenjia ilipandwa kuwa ua wa mashamba, hata kisiwa cha Faial kikapewa jina la Kisiwa cha Buluu. Na katika nyanda zetu za juu, zenye baridi, ukungu na mvua, ililetwa na Wazungu wakaipanda mbele ya nyumba zao, makanisa na shule.

Msidhani njia hiyo ya maua ilikuwa ya upande mmoja. Sisi wa Usambara tulitoa pia. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka kwao mbegu za kijiua cha zambarau kinachoota kwenye miamba yenye kivuli ya milima yetu. Mwaka uliofuata Wendland alikiita Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa huyo. Ingawa mwaka 2015 wataalamu walikiingiza katika jenasi nyingine, jina hilo lingali midomoni mwa watu, na leo kijiua hicho kimo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Wenyeji waliokuwa wakipita kando ya miamba ile miaka nenda miaka rudi hawamo katika jina hilo.

SIRI YA RANGI

Nafika sasa shuleni kwetu. Mtakumbuka ubishi tuliokuwa nao juu ya rangi mbili za maua ya ofisi. Mwalimu wetu mmoja alitufundisha kwamba ni aina mbili mbalimbali, nasi tukaandika hivyo madaftarini. Mzee aliyetunza bustani, ambaye sisi wote tulimwita Mzee wa Maua, alisikia jambo hilo kwetu, akatabasamu. Alikata kijiti katika kichaka cha samawati, akakipanda karibu na ukuta. Kilipochanua kilitoa maua ya waridi. Hakusema neno. Alitwambia tu, "Haya wanangu, andikeni tena."

Sayansi yake ni hii. Rangi ya haidrenjia hutegemea madini ya alumini. Udongo wenye tindikali, wa pH 5.5 kushuka chini, huyeyusha alumini, mizizi ikaifyonza, nayo ikifika katika sepali huungana na rangi iliyomo na kuigeuza kuwa samawati. Udongo usio na tindikali, wa pH 6.5 au zaidi, huifunga alumini isipande, na ua likabaki waridi. Katikati ya vipimo hivyo hupatikana zambarau, au rangi zote mbili katika kichaka kimoja. Aina nyeupe hazigeuki hivyo, kwa kuwa hazina rangi ya kugeuzwa.

Udongo wa milima yetu una tindikali, ndiyo maana chai hustawi, maana chai nayo hupenda udongo wa namna hiyo. Lakini ukuta wa ofisi ulikuwa ukipakwa chokaa kila mwaka, na chokaa ilidondoka na kuoshwa na mvua hadi mizizini. Chokaa huua tindikali. Mzee wa Maua hakujua habari za pH, lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba penye chokaa na penye jaa la majivu ya jikoni maua huwa mekundu-mekundu. Aliona, akajaribu, akapata jibu. Vijana wa maabara, hiyo ndiyo sayansi.

KOSA LANGU

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha tatu na kiranja wa bustani. Zilikuwa siku za Elimu ya Kujitegemea, kila mwanafunzi ana jembe lake, nami nilijiona mkubwa. Mwezi Agosti, Mzee alipokwenda kwao kwa msiba, niliwaamuru vijana wa kidato cha kwanza wavikate vichaka vyote vya maua ya ofisi mpaka karibu na ardhi, ili viwe safi kwa ajili ya mahafali ya mwezi Oktoba. Nilidhani vitachipua upya na kuchanua vizuri zaidi.

Vilichipua kweli, majani matupu. Siku ya mahafali, wazazi na wageni wa heshima walipita katikati ya majani. Mkuu wa shule wa wakati huo alighadhibika, akamwita Mzee, akamkaripia mbele yetu sisi wanafunzi kwamba ameharibu kazi ya mkuu wa kwanza. Alikatwa fedha katika mshahara wake. Nilikuwa nimesimama hatua kumi tu kutoka pale. Sikufungua kinywa. Mzee alinitazama mara moja, akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe bwana mkubwa."

Jioni nilimfuata kibandani kwake, nikitetemeka. Nilimwambia, "Shikamoo Mzee. Ni mimi." Akajibu, "Marahaba. Najua ni wewe. Nilipokwenda msibani wewe ndiye uliyebaki na ufunguo wa ghala la mikasi." Kisha alinichukua mpaka kwenye kichaka kimoja nyuma ya jiko, ambacho mikasi yangu haikukifikia. Alishika tawi la mwaka uliopita, akanionyesha vifundo vinene viwili viwili. "Ua hulala humu wakati wa baridi," alisema. "Ukikata tawi hili baada ya baridi kuingia, umekata ua ambalo halijazaliwa."

Ndipo aliponieleza yaliyobaki. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika shamba la mlowezi mmoja. Shule ilipofunguliwa aliajiriwa kufyeka uwanja, na vijiti vya maua alivileta mwenyewe kutoka kule shambani, amevifunga kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, amevibeba kichwani mwendo wa siku nzima. Mkuu wa kwanza aliyapenda maua yale, na aliwaandikia wafadhili wake barua za kuyasifu. Barua ndizo zilizohifadhiwa. Miguu iliyotembea haikuandikiwa.

Mwaka 1975, siku ya mahafali yangu mimi, maua yalichanua kuliko mwaka wowote nilioushuhudia. Nilipiga picha mbele yake pamoja na wenzangu. Mzee hayumo katika picha ile, kwa sababu hatukumwita.

NAMNA YA KUYATUNZA

Nimeambiwa kwamba vichaka vilivyobaki ni vinne tu, tena vimezeeka. Kwa vijana watakaovitunza, nayaandika hapa mafundisho ya Mzee, pamoja na machache niliyojifunza baadaye katika bustani yangu.

Mahali: Haidrenjia hupenda jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Jua kali la alasiri huunguza sepali na kunyong'onyeza majani.

Maji: Mizizi yake haiendi chini sana na majani yake ni mapana, kwa hiyo hupata kiu upesi. Mwagilia maji mengi shinani wakati wa kiangazi, kisha tandaza majani makavu au nyasi ili udongo usikauke. Lakini maji yasituame, maana mizizi huoza.

Mbolea: Mboji iliyoiva au samadi ya zamani yatosha mara moja au mbili kwa mwaka. Mkitaka samawati, epukeni majivu, chokaa na mbolea zenye fosfeti nyingi, maana fosfeti hufunga alumini. Shabu ile inayotumika kutakasia maji ina alumini ndani yake. Yeyusha kijiko kimoja cha mezani katika lita 4 za maji, ukamwagie mmea uliokwisha kunyweshwa. Usizidishe, kwani shabu ikizidi huunguza mizizi.

Kupogoa: Ondoa maua makavu mara tu yanapokwisha, ukikata juu ya jozi ya kwanza ya vifundo vinene. Matawi makongwe yasiyozaa, kata machache kutoka chini kila mwaka, yasizidi theluthi ya kichaka. Kazi hiyo iishe kabla ya miezi ya baridi. Ninyi mmekwisha kusikia kisa cha aliyekata Agosti.

Kuzalisha: Chagua tawi changa lisilo na ua, urefu wa sentimita 10 hadi 15, ulikate chini kidogo ya kifundo. Ng'oa majani ya chini, punguza yale makubwa ya juu kwa nusu, uchomeke katika mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, pawe na unyevu daima. Kwa kawaida mizizi hutoka baada ya majuma matatu hadi matano. Kichaka kimoja chaweza kuzaa miche mingi bila kudhurika.

Tahadhari: Majani yake yana sumu. Mbuzi wasiachwe kuyala, wala watoto wasiyatafune.

OMBI LANGU

Sina ugomvi na mkuu wetu wa kwanza. Alitufungulia shule, na jina lake limeandikwa mahali pengi panapostahili. Lakini historia iliyoandikwa kwa barua za mtu mmoja tu ni nusu ya historia, na tukiichonga katika shaba, wajukuu wetu wataisoma kama kwamba ni nzima. Waswahili walisema, ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Nami nimeuchelewesha ukweli huu kwa muda mrefu sana, kwanza kwa woga wa mwanafunzi, kisha kwa aibu ya mtu mzima.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, kamati isimamishe kazi ya kuchonga kibao mpaka tukutane tena. La pili, wanafunzi wa sasa wachukue vijiti katika vichaka vinne vilivyobaki, wavioteshe, ili siku ya mkutano kila mwanachama aondoke na mche mmoja na kuacha mchango wake kwa ajili ya bustani. La tatu ndilo kubwa. Sisi sote tulimwita Mzee wa Maua. Nilisoma pale miaka minne, nikala mahindi ya kuchoma kibandani kwake, nikamwachia lawama yangu aibebe, wala sikumwuliza hata siku moja jina alilopewa na baba yake. Alikwisha kufariki nilipokuja kumtafuta.

Yupo mtu miongoni mwenu anayelijua. Pengine ni mwenzetu aliyekuwa akiandika hati za mishahara wakati wa likizo, pengine ni kijana anayesoma shuleni sasa naye ni mjukuu wake. Tafadhali, alilete jina hilo mkutanoni. Tutalitaja mbele ya watu wote, kisha ndipo tutakapojua la kuandika katika shaba.